Sukari, Mishipa ya Damu na Miguu ya Watu Wetu

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wetu wa Dar es Salaam wa kuandaa harambee ya mwaka huu. Kamati imeomba yachapwe kwenye kijitabu ili waliokosa kufika, na hasa ndugu walioko nyumbani Lushoto, nao wayapate. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.

   

Mmezoea kuniona nikisimama hapa na daftari. Kila mwaka nasoma mapato, nasoma matumizi, nawasema wenye madeni bila kutaja majina, mnaninunia kidogo, kisha tunakwenda kula. Leo daftari ninalo, lakini nitasoma mstari mmoja tu, ule unaoitwa "Usafiri wa wagonjwa."

Nilipokuwa nafunga hesabu za mwaka nilishtuka jinsi mstari huo unavyokua. Mhasibu ana ugonjwa wa kuuliza pesa hii imelipa nini, basi nikatoa mafaili ya miaka ya nyuma. Sehemu kubwa imelipa gari la kumshusha mtu kutoka milimani mpaka Mombo, kisha Tanga, au Moshi, au huku. Kwenye vocha tumeandika "mguu," tumeandika "macho," tumeandika "figo," tumeandika "kidonda." Lakini kwenye karatasi za hospitali zilizobanwa nyuma ya vocha hizo, neno moja lilikuwa linajirudia: kisukari. Tumekuwa tukilipia ugonjwa mmoja kwa majina manne, ndiyo maana hatujawahi kuujumlisha.

Mmoja wa wale walioandikwa "mguu" ni baba yangu mdogo. Ameniruhusu nieleze habari zake, na amesema nisipunguze chochote.

Wanaomfahamu wanajua alikuwa mtu wa shamba kwelikweli, kabichi na karoti, mtu wa kubeba tenga mwenyewe hadi barabarani. Alianza kukonda. Alikuwa anakula kuliko zamani na bado anakonda. Usiku anaamka mara nne, mara tano kwenda haja ndogo, na pembeni ya kitanda anaweka jagi la maji. Watu wakasema mengi. Wengine walisema amerogwa na jirani wa mpakani, maana walikuwa na kesi ya shamba. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka miwili. Siku moja alirudi jioni, akavua gambuti, na ndani ya gambuti kukadondoka jiwe. Alikuwa amelikanyaga tangu asubuhi, akipanda na kushuka mlima, na hakusikia chochote. Soksi ilikuwa imelowa damu. Aliosha, akafunga kitambaa, kesho yake akaenda shamba. Baada ya wiki tatu kidole kilikuwa cheusi. Alipopimwa sukari kwa mara ya kwanza katika maisha yake, mashine ilisoma 22. Walikata kidole, haikutosha, wakakata chini ya goti.

Swali lililonisumbua ni dogo tu. Jiwe na sukari vinahusiana nini? Mtu aliye na sukari nyingi kwenye damu, mbona anakonda kama mwenye njaa? Na kwa nini kidonda cha jiwe, ambacho mimi na wewe kingepona kwa siku kumi, kilimla mguu? Nimesoma, nimewasumbua madaktari wetu wawili walio kwenye chama hiki, na mmoja wao amepitia maneno haya na kunisahihisha. Nitawaeleza kwa lugha ya mtu wa hesabu, kwa sababu ndiyo ninayoijua.

Tuanze na kiasi. Mtu mzima ana damu kama lita tano. Kama sukari yake iko sawa, yaani karibu 5 kwenye mashine zetu, ukiikusanya sukari yote iliyomo kwenye damu yake unapata gramu nne na nusu. Hiyo ni kijiko kimoja cha chai. Nilipopiga hesabu hii sikuamini, nikairudia. Mwili mzima, kuanzia utosini hadi kisiginoni, unazungusha kijiko kimoja. Mtu ambaye mashine inamsomea 15 anazungusha vijiko vitatu. Tofauti kati ya mzima na mgonjwa ni vijiko viwili. Soda moja tunayowapa wageni ina vijiko vinane au tisa. Mtu mzima asiyeumwa ataipokea soda ile na mwili wake utaigawa mahali pake ndani ya saa mbili. Kazi yote iko kwenye kugawa.

Anayegawa ni homoni iitwayo insulini, inayotoka kwenye kongosho. Ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Frederick Banting na Charles Best, kwa msaada wa John Macleod na James Collip. Mtu wa kwanza kuchomwa, Januari 1922, alikuwa kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki mifupa. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari alikuwa wa kuzikwa tu. Insulini inafika kwenye seli ya msuli, inagonga, na seli inatoa milango yake iliyokuwa imefichwa ndani na kuileta ukutani ili sukari iingie. Kwa mgonjwa wa aina ya kwanza, insulini yenyewe hakuna. Kwa wengi wetu wa umri huu, aina ya pili, insulini ipo lakini inagonga na msuli hausikii, mpaka baadaye kongosho nalo linachoka.

Hapo ndipo baba mdogo alipokuwa anakonda. Sukari imejaa barabarani na misuli imefungiwa nje ya chakula. Misuli ikikosa, mwili unaanza kuvunja akiba: mafuta, kisha nyama yenyewe. Sukari ikipita kama 10 kwenye damu, figo zinashindwa kuirudisha yote, inamwagika kwenye mkojo na kuburuta maji. Ndiyo safari za usiku na jagi la maji. Wazee wetu walijua sisimizi wanafuata mkojo wa watu fulani. Walikuwa wanaona sukari ikitoka nje ya nyumba ambayo ndani kuna njaa.

Hiyo ni nusu ya habari, na ndiyo nusu ambayo wengi tumeisikia. Nusu ya pili mimi sikuijua kabla ya mwaka huu, na ndiyo inayokata miguu.

Si kila seli inasubiri insulini ifungue mlango. Seli zinazopaka ndani ya mishipa ya damu, zile zinazogusana na damu moja kwa moja usiku na mchana, zina milango yao ambayo iko wazi siku zote. Seli za nyuma ya jicho ni vivyo hivyo, na baadhi ya seli za figo na mishipa ya fahamu. Sukari ikipanda kwenye damu, inapanda na ndani yao, na hawana namna ya kukataa. Kwa hiyo katika mwili huohuo, kwa wakati huohuo, msuli unakufa njaa na ukuta wa mshipa unalishwa kwa nguvu. Mtu akikwambia kisukari ni "sukari kuzidi," amekwambia nusu. Kimezidi mahali pasipotakiwa na kimekosekana panapotakiwa. Sisi wahasibu tunaijua taasisi ya namna hiyo: benki kuna pesa, mishahara haijalipwa, na kuna idara moja inapelekewa fedha isizoziomba mpaka inaanza kuzitumia vibaya.

Idara hiyo, yaani seli ya ukuta wa mshipa, inafanyaje na sukari iliyozidi? Kwa kawaida sukari huvunjwa kwa hatua kumi zinazofuatana, kila hatua na kimeng'enya chake, kama karatasi inayopita meza kumi ofisini. Inayobaki huingia kwenye vinu vidogo ndani ya seli, mitokondria, na huko inachomwa kwa oksijeni kupata nguvu. Ukizidisha mafuta kwenye kinu, kinatoa cheche. Cheche za mitokondria ni oksijeni iliyoharibika, kali, inayounguza chochote inachokigusa, pamoja na kitabu chenyewe cha maagizo ya seli. Seli inaita mafundi wa kukarabati kitabu, na katika kukarabati, meza ya sita kati ya zile kumi inafungwa.

Fikiri ofisi ambayo meza ya sita imefungwa na karatasi zinaendelea kuingia getini. Zinarundikana meza ya kwanza hadi ya tano, na watu wanaanza kutafuta njia za uani. Sukari nyingine inageuzwa kuwa sorbitoli, na kuigeuza kunatumia akiba ileile ambayo seli ingeitumia kuzima cheche. Nyingine inakuwa kemikali zinazonata kwenye protini na kuzifanya ngumu, kama sufuria ya asali iliyoungua. Nyingine zinawasha ishara za kuifanya mishipa ibane na kuta zake zinenepe. Mtu aliyeziunganisha njia hizi zote kwenye chanzo kimoja, zile cheche za mitokondria, ni Michael Brownlee wa New York, kwenye maandiko yake ya kuanzia mwaka 2001. Kabla yake kila njia ilikuwa na watafiti wake na kila kundi lilidhani limempata mwizi.

Ukuta uliopita hayo kwa miaka unabadilika. Ukuta mzima hutoa hewa kidogo iitwayo nitriki oksaidi, inayoulegeza mshipa ili damu ipite. Waliogundua kazi yake walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998. Ukuta uliochoka unaitoa kidogo. Mshipa unabaki umebana, tabaka lake la chini linanenepa, oksijeni inavuka kwa shida. Mishipa midogo kabisa ni myembamba kiasi kwamba chembe nyekundu ya damu hupita kwa kujikunja, moja nyuma ya nyingine. Hapo hakuhitajiki uchafu mwingi kuziba.

Sasa tuje kwenye jiwe. Mishipa ya fahamu ya miguuni ndiyo mirefu kuliko yote mwilini, na nayo inalishwa na vimishipa vya damu vyembamba kama hivyo. Vikiziba, waya unakufa kuanzia mwisho, vidoleni. Kwanza mtu anasikia kama anakanyaga sufu, au miguu inawaka moto usiku, halafu hasikii kitu. Baba mdogo alikuwa ameacha kulalamika kuhusu miguu yake mwaka mmoja kabla ya lile jiwe, na sisi tulifurahi tukidhani amepona.

Halafu kidonda. Mimi na wewe tukijikata, sehemu iliyokatika inakosa oksijeni. Seli za pale zina mlinzi, protini fulani ambayo kazi yake ni kusikia upungufu wa oksijeni na kupiga kengele. Kengele ikipigwa, seli zinatoa ujumbe wa kuomba mishipa mipya. Ujumbe huo kitaalamu unaitwa VEGF. Ulipewa jina hilo mwaka 1989 na Napoleone Ferrara na wenzake huko California. Ukuta wa mshipa wa jirani ukiupokea, seli zake zinaanza kuchipua, zinatoa tawi, tawi linakutana na tawi, damu inapita. Uboho wa mifupa nao unatuma seli za kusaidia ujenzi. Ile nyama nyekundu inayong'aa kwenye kidonda kinachopona, ambayo nesi akiiona anatabasamu, imejaa mishipa mipya iliyozaliwa wiki hiyo.

Kwa mwenye sukari iliyopanda muda mrefu, zile kemikali zinazonata zinamharibu mlinzi mwenyewe. Oksijeni inapungua na kengele haipigwi inavyotakiwa. Ujumbe unatoka mchache, ukuta unaoupokea umechoka, seli za uboho hazifiki au zikifika hazifanyi kazi. Chembe nyeupe zilizokwenda kupigana na vijidudu zinabaki palepale zikipigana bila kuondoka kupisha mafundi. Kidonda kinakaa kama jengo lililosimama kwenye msingi: hakifi, hakiponi, na vijidudu vinahamia. Baba mdogo alikuwa anakiosha kwa maji ya chumvi kila siku, kwa usafi ambao hata wauguzi waliusifu. Usafi ulikuwepo. Mishipa ya kuleta damu ya kuponya ndiyo haikujengwa.

Na hapa kuna jambo lililonishangaza kuliko yote. Nyuma ya jicho kinatokea kinyume chake. Vimishipa vya jicho vina seli zinazovikumbatia kwa nje kuvipa nguvu, na sukari inaziua hizo mapema. Vimishipa vinavimba, vingine vinaziba, na sehemu za retina zinabaki bila damu kabisa. Njaa ya pale ni kubwa kiasi kwamba ujumbe wa kuomba mishipa unatoka kwa wingi, unatoka kupita kiasi. Mishipa mipya inaota, lakini ni mibovu, kama nyumba zilizojengwa usiku bila kibali: haina seli za kuikumbatia, inavuja, inapasuka, na damu inamwagikia ndani ya jicho. Mtu anaamka asubuhi anaona pazia jekundu au jeusi.

Kwa hiyo mtu mmoja, ugonjwa mmoja, sukari ileile: mguuni mwili unakataa kujenga mishipa iliyohitajika, jichoni unajenga isiyofaa. Nilipomuuliza daktari wetu mbona haieleweki, alinijibu, "Kaka, si kwamba mishipa imezidi au imepungua. Mwili umepoteza akili ya kujenga." Nimeliandika neno lake kama lilivyo.

Naomba niguse kitu kimoja zaidi cha kitaalamu kabla ya kurudi kwenye pesa, kwa sababu ndicho kilichonifanya niombe nafasi leo. Huko Marekani na Kanada, kati ya mwaka 1983 na 1993, waliwafuatilia wagonjwa 1,441 wa kisukari cha aina ya kwanza. Nusu walitibiwa kama kawaida ya siku hizo, nusu wakabanwa sukari ikae karibu na ya mtu mzima. Kwa wale waliobanwa ambao macho yao yalikuwa bado mazima, hatari ya macho kuharibika ilipungua kwa asilimia 76. Matokeo yalipotoka, wote wakapewa tiba ya kubana, na baada ya muda sukari za makundi yote mawili zikawa karibu sawa. Ungedhani basi, wamelingana. Hawakulingana. Waliochelewa waliendelea kuharibikiwa zaidi kwa miaka mingi. Uingereza, kwa wagonjwa wa aina ya pili, waliona kitu kama hicho na kukitangaza mwaka 2008. Mishipa inakumbuka. Zile protini zilizonata hazibanduki haraka, na maagizo ndani ya seli yamebaki na alama.

Mimi nikaelewa kwa lugha yangu: ni deni lenye riba. Ukilipa mapema unalipa kidogo. Ukichelewa, hata ukianza kulipa kwa uaminifu, riba ya miaka ya nyuma bado iko kwenye kitabu. Miaka miwili ya baba mdogo ya kukonda na kuamka usiku, miaka ambayo tulikuwa tunabishana kuhusu uchawi, ndiyo iliyokuwa miaka ya bei nafuu.

Huenda mtu atasema kisukari ni ugonjwa wa mjini, wa sisi wenye vitambi. Ilikuwa hivyo. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Dar es Salaam walitoa matokeo ya vipimo vya vijiji sita vya Tanzania, wakakuta chini ya mtu mmoja katika mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu tisa katika mia. Vipimo na umri havikuwa sawa kabisa, mhasibu hawezi kuacha kulisema hilo, lakini hata ukipunguza kwa ukali, pengo halifutiki. Na kwetu nyumbani tunaliona kwa macho. Zamani kutoka Soni mpaka sokoni ulipanda kwa miguu na mzigo. Sasa bodaboda inakufuata mlangoni. Kuna jambo nililolipenda sana katika kusoma kwangu: msuli unaofanya kazi hutoa milango yake ya sukari bila kusubiri insulini igonge. Yaani mlima ule tuliokuwa tunaulalamikia ulikuwa unatufungulia milango. Siwaombi mrudi kubeba matenga. Nasema tu tumeuza dawa na hatukujua tunauza.

Mimi mwenyewe, kabla ya kusimama mbele yenu, nilikwenda kupima. Asubuhi bila kula nilikuwa na 7.4. Kuanzia 7 ukirudia na kupata hivyo, wewe ni mgonjwa, na nilirudia. Sina dalili hata moja. Nimewahi kujisifu humu ndani kwamba sijalazwa hospitali tangu darasa la nne. Nina kipimo kingine sasa ninachofanyiwa, kile kinachosoma sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu. Chembe hizo huishi kama siku 120, kwa hiyo kinaonyesha wastani wa miezi miwili, mitatu. Kile cha kidole ni kuhesabu pesa za droo jioni, unaweza kufunga siku mbili ukaonekana mwema. Hiki ni ukaguzi wa robo mwaka. Kinajua ulichokula kwenye harusi ya mwezi uliopita.

Sasa pesa. Kamati imependekeza harambee ya mwaka huu iende kwenye zahanati zetu, na kuna ndugu wameandika kwenye simu kwamba afadhali tununue mashine kubwa ambayo itaandikwa jina la chama. Mimi napinga, na kama mhazini naomba nieleweke vizuri.

Mashine ya kupima sukari kwa kidole ni bei rahisi. Nyingine zinatolewa bure kabisa na wauzaji, na sababu ya wao kuzitoa bure ni stripu. Kila kipimo kinakula stripu moja, kila aina ya mashine ina stripu zake, na zina tarehe ya kuharibika. Nimetembelea zahanati ambako kabatini kulikuwa na mashine tatu za wafadhili watatu, zote nzima, na hakuna stripu hata moja. Picha za makabidhiano zilikuwa bado ukutani. Kwa hiyo pendekezo langu ni tununue mashine chache za aina moja kwa zahanati zote, aina ambayo stripu zake zinapatikana Tanga mjini, na sehemu kubwa ya fedha tuifungie kama mfuko wa stripu kwa miaka mitatu. Haitapendeza kwenye picha, najua.

La pili ni uzi. Ni uzi wa nailoni uliopachikwa kwenye kijiti, ukiusukuma kwenye ngozi unapinda kwa uzito wa gramu kumi. Mtu anafumba macho, nesi anaugusisha chini ya nyayo sehemu kadhaa, anauliza, "Umesikia?" Asiyesikia, waya zake zimekufa, na huyo ndiye wa kufundishwa kukung'uta gambuti kabla ya kuvaa na kukagua miguu kila jioni, kwa kioo au kwa macho ya mjukuu. Dakika tano. Hakuna umeme wala stripu. Hapa nchini kuna mradi wa Step by Step, ulioanza miaka ya 2000 Tanzania na India, na Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam akiwa mstari wa mbele, uliowafundisha madaktari na wauguzi kazi hiihii ya miguu. Hatuanzi jambo jipya, tunalipeleka mlimani.

La tatu ni basi moja kwa mwaka la kuwapeleka wenye kisukari kupimwa nyuma ya jicho, kabla pazia halijashuka. Mishipa ile mibovu ikionekana mapema, kuna mionzi ya leza na kuna sindano za kuuzima ule ujumbe unaoiita. Ikishapasuka na retina kuvutika, hata tukikodi ndege.

Nilifanya hesabu ya gharama hizi tatu nikailinganisha na mstari wa usafiri wa wagonjwa. Jedwali liko kwenye ukurasa unaofuata wa kijitabu hiki, kila mtu alikague, na mwenye kupata kosa anipigie kabla ya mkutano mkuu. Kuna mzee mmoja aliniambia pembeni, "Mhazini, watu wanachangia gari la mgonjwa kwa sababu wanamwona mgonjwa. Nani atamchangia mtu ambaye hajaumwa?" Sikuwa na jibu siku ile. Mzee huyo yupo hapa, na namjibu kwamba anayeomba mchango huo ni mtu wa 7.4 asiye na dalili, amevaa suti, na mnamwona.

Kuhusu chakula cha siku ya harambee: kamati imekubali, baada ya ubishi mkali, kwamba maji yatawekwa mezani kwanza na soda itaombwa na anayeitaka. Pilau haijaguswa.

Baba mdogo atakuwepo siku hiyo. Ana mguu wa bandia, anatembea nao mpaka shambani, na sukari yake sasa inacheza kwenye 7 na 8. Ameomba apewe kiti karibu na meza ya vipimo, upande wa kushoto ukiingia getini, na anasema yeye ndiye atakayewaambia watu wavue viatu. Wauguzi wetu watakuwa pale kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. Wanaotaka kupima sukari ya kabla ya kula waje mapema na wasinywe chai. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Andikeni jina, kijiji na kiasi, na tafadhali, mwandiko usomeke.